Maziwa ya koko: ngombe, kifua kikuu na desturi zetu



Mwacha mila ni mtumwa, ndivyo wazee wanasemaka. Methali hii tunaisikia karibu kila mara tunapokutana katika chama chetu, na mimi pia ninaikubali. Lakini kuko mila moja ambayo inatuomba tuiangalie tena kwa macho mapya, bila kuidharau na bila kuifunga macho. Ni mila ya kunywa maziwa mabichi, pamoja na yale yote tunayofanya na ngombe: kumutoa kwa mahari, kumukopesha kwa rafiki, kulala naye chini ya paa moja.

Nitaanza na jambo la nyumbani. Nilipokuwa mwanafunzi wa sekondari, mtoto wa dada yangu mkubwa, msichana wa miaka sita, alivimba matezi ya shingo. Mwanzo yalikuwa kama mbegu za maharagwe. Kisha yakaungana, yakapasuka, yakatoa usaha. Watu wengine walisema ni karuho, kwamba kuko mtu aliyemtilia sumu. Tukazunguka kwa mganga wa miti shamba, tukazunguka kwa watu wa maombi, na mwisho tukafika hospitali. Munganga akasema: «Ni kifua kikuu cha matezi.» Akatuuliza kama kuko mtu anayekohoa nyumbani. Tukajibu hapana, na ilikuwa kweli. Mtoto alimeza dawa miezi mingi akapona, ila kovu la shingo liko naye mpaka leo, na yeye sasa ni mama wa watoto.

Hakuna aliyetuuliza juu ya ngombe. Lakini kwa koko, kule mlimani Walungu, alikuwako ngombe mwekundu aliyekuwa akikohoa kila asubuhi, hasa akisimamishwa kwenye baridi. Alikula vizuri lakini mbavu zilionekana. Mtoto yule alikunywa maziwa yake kila likizo, ya moto kutoka kwenye titi. Mwaka ule ule, ngombe mwekundu akatolewa kwa mahari ya mtoto wa baba mdogo. Akaenda kilima kingine, kwa wakwe, akatia mguu katika zizi lao. Je, ni yeye aliyempa mtoto ugonjwa? Hakuna aliyempima. Na hiyo ndiyo sababu ya kuandika maneno haya: sisi tunapima mtu, hatupimi ngombe, na ugonjwa unapita katikati yetu na yeye.

1. Ngombe katika maisha yetu

Kwa Bashi, ngombe haikuwa nyama ya kula tu. Ngombe ilifunga ndoa. Ngombe ilileta shamba, kwa sababu kalinzi, ile haki ya kulima udongo wa mwami, ilikuwa ikilipwa kwa ngombe. Ngombe ilimaliza ugomvi na kutuliza damu. Samadi yake ilinenepesha mgomba, na mgomba ukatulisha. Kwa jirani zetu hali ilikuwa karibu sawa: Bahavu, Bafuliru, Bahunde, Banyamulenge wa milima ya juu, Bahema wa Ituri, na ngambo ya mipaka kule Rwanda, Burundi na Ankole.

Kulikuwa tena na desturi ya kupana ngombe. Tajiri anamkabizi maskini ngombe mmoja amchunge; maskini anakunywa maziwa, anapata samadi, na siku moja anapata ndama wake mwenyewe. Rafiki anampa rafiki ngombe, na kisha miaka mingi ndama anarudi kama shukrani. Kwa njia hii maskini hakufa njaa, na tajiri hakuwekelea mali yake yote katika zizi moja. Ilikuwa benki yetu na asiransi yetu kabla ya benki na asiransi.

Sasa tufikiri kidogo. Kila njia hii nzuri, njia ya mahari, ya kalinzi, ya urafiki, ni njia ambayo ngombe anapita kutoka zizi mpaka zizi. Na ngombe akipita, ugonjwa wake unapita naye. Desturi iliyounganisha watu iliunganisha pia mapafu ya ngombe zao. Wazee hawakukosea, hawakuwa na namna ya kujua.

Juu ya maziwa, koko alikuwa na sheria moja kubwa: maziwa hayachemshwi. Nilipomwambia kwamba shuleni wametufundisha kuchemsha, alinijibu hivi: «We mutoto, unataka kunikaushia ngombe? Maziwa ya kuchemusha inaunguzaka matiti ya mama yake.» Si yeye peke yake. Wageni walioandika habari za Bahima wa Ankole na za Baganda mwanzoni mwa karne ya 20 walikuta imani ile ile: maziwa hata yakitoka katika ngombe yanabaki kuwa kitu chake, na unachokifanya kwa maziwa unamfanyia yeye. Ukiyaweka kwenye moto, titi linaungua, ngombe anakauka.

Tusicheke. Katika imani hii kuko heshima: mali ya mtu mwingine, hata mtu huyo akiwa ngombe, haitumiwi ovyo. Na kuko akili ya kazi: maziwa yalikunywewa haraka, na vyombo vya maziwa vilifukizwa kwa moshi ili visiharibike. Moshi ule ulisaidia kweli juu ya maziwa kuoza. Lakini mikrobi iliyokwisha kuwa ndani ya kiwele, moshi wa chombo hauiwezi.

2. Namna ugonjwa unavyopita

Kifua kikuu cha watu kinaletwa mara nyingi na kijidudu kinachoitwa Mycobacterium tuberculosis. Ngombe ana ndugu wa kijidudu hicho, jina lake Mycobacterium bovis. Hao wawili wanafanana karibu kama mapacha, na wa ngombe anaweza kumuuguza mtu sawa sawa na yule wa watu.

Ngombe kwa ngombe, ugonjwa unapita zaidi kwa pumzi, pua kwa pua, hasa katika zizi lenye kufungwa. Ndama anaupata pia katika maziwa ya mama yake. Kutoka kwa ngombe kuja kwa mtu, njia kubwa ni maziwa mabichi. Lakini mchungaji anayelala na mifugo, na mchinjaji anayefungua mapafu ya ngombe mgonjwa, wanaweza kuupata kwa kupumua. Njia ya kurudi ipo pia: mtu mwenye kifua kikuu anayekohoa na kutema mate kwenye majani anaweza kuambukiza ngombe. Basi si haki kumtupia ngombe makosa yote.

Tena, wataalamu wa zamani walifikiri kwamba mtu alipata kifua kikuu kutoka kwa ngombe, zamani zile watu walipoanza kufuga. Mwaka 2002, uchunguzi wa jeni za vijidudu hivyo ulionyesha kwamba mambo si hivyo: kijidudu cha watu hakikuzaliwa na kile cha ngombe. Ugonjwa wa watu haukungoja ngombe ili uanze.

Ugonjwa ukiingia kwa maziwa, mara nyingi hauanzi na kifua. Unashika matezi ya shingo, matumbo, mifupa, wakati mwingine uti wa mgongo mpaka mtoto anapinda. Ndiyo maana watu hawafikirii kifua kikuu: hakuna kikohozi. Mtoto anavimba shingo, na watu wanatafuta mchawi.

3. Ubishi wa wakubwa kule Ulaya

Tusifikiri kwamba Wazungu walijua mambo haya tangu zamani na sisi tukabaki nyuma peke yetu. Wao wenyewe walibishana miaka mingi, na ubishi wao uligharimu maisha ya watoto wengi.

Mwaka 1882, Mjerumani Robert Koch alitangaza kule Berlin kwamba ameona kijidudu kinacholeta kifua kikuu. Mwaka 1898, Mmarekani Theobald Smith alionyesha kwamba kile cha ngombe na kile cha watu havifanani kabisa. Hapo Koch, ambaye jina lake lilikuwa kubwa kupita yote, alisimama katika mkutano wa London mwaka 1901 akasema kwamba kifua kikuu cha ngombe si hatari kubwa kwa watu, na kwamba haifai kuweka sheria nzito juu ya maziwa na nyama.

Waganga wa nyama waliokuwa pale hawakukubali. Serikali ya Uingereza ikaweka tume mwaka ule ule wa 1901. Tume ilifanya kazi miaka kumi, ikamaliza mwaka 1911, na jibu lake lilikuwa wazi: mtu anaweza kuugua kwa kijidudu cha ngombe, na watoto ndio wanaoumia zaidi kwa njia ya maziwa. Mkubwa alikuwa amekosea. Kwetu tunasema mkubwa hakosi mbele ya watu. Lakini katika mambo ya ugonjwa, mkubwa akikosa na watu wakanyamaza, watoto ndio wanaolipa.

Hata baada ya jibu hilo, mambo hayakwenda mbio. Katika miaka ya 1930, Waingereza walihesabu kwamba karibu ngombe 40 kwa 100 katika mazizi yao ya maziwa walikuwa na ugonjwa. Wafugaji walilalamika kwamba kupasha maziwa moto kunaharibu utamu wake na nguvu yake. Na kulikuwa watu wa elimu waliosema maziwa mabichi ndiyo maziwa ya kweli. Nikisoma maneno yao ninamsikia koko.

4. Njia mbili: kuchinja ao kutenga

Ili kumaliza ugonjwa katika mazizi, nchi tajiri zilitumia dawa ya kupima iitwayo tuberkulini, ambayo Koch mwenyewe aliitengeneza mwaka 1890 akitumaini itaponya watu. Haikuponya. Lakini ilionekana kwamba ngombe mwenye ugonjwa akidungwa tuberkulini, mwili wake unaonyesha alama. Siku hizi wanadunga kidogo katika ngozi ya shingo, wanarudi kisha siku tatu kupima uvimbe.

Njia ya kwanza ni kupima na kuchinja. Marekani ilianza kazi hiyo kwa nchi nzima mwaka 1917. Uingereza iliianza kwa nguvu ya sheria mwaka 1950, na mwaka 1960 nchi yote ilikuwa imepitiwa. Ngombe aliyeonyesha alama alichinjwa, na mwenye ngombe alilipwa na serikali. Hapo ndipo siri iko: alilipwa. Bila malipo, hakuna mfugaji wa Kentucky wala wa Scotland angetoa ngombe wake. Hata na malipo, kazi ni ndefu. Ubelgiji, waliotutawala na kutuletea waganga wa nyama na chapa za chanjo, walihesabiwa kuwa nchi isiyo na kifua kikuu cha ngombe mwaka 2003 tu. Na Uingereza, baada ya kupunguza sana, ugonjwa uliwarudia. Mpaka leo wanahangaika nao, pamoja na mnyama wa mwituni anayeitwa beja anayeuchukua.

Njia ya pili haijulikani sana kwetu, na ndiyo ninayotaka wasomaji waishike. Kule Denmark, munganga wa nyama Bernhard Bang alianza mwaka 1892 kufanya kazi bila kuchinja ovyo. Alipima ngombe wote wa zizi. Wale wenye alama aliwatenga upande mmoja, wazima upande mwingine, na vyombo mbali mbali. Ndama wa mama mgonjwa alitolewa mara tu akizaliwa, akapewa maziwa yaliyopashwa moto, akapelekwa kwa wazima. Ni wale tu waliokuwa wagonjwa waziwazi ndio waliochinjwa. Kidogo kidogo, upande wa wazima ukajaa na upande wa wagonjwa ukaisha. Mwaka 1898 Denmark ikaweka sheria kwamba maziwa yanayorudishwa kwa wafugaji toka kiwanda, yale yaliyokwisha kutolewa mafuta, yapashwe kwanza mpaka digri 85, kwa sababu ndama wa kijiji kizima walikuwa wakipata ugonjwa katika chombo kimoja.

Denmark ya wakati ule ilikuwa nchi ya wakulima wadogo, na ngombe ndiyo mali yao. Bang hakuwaambia: «Ueni mali yenu.» Aliwaambia: «Tengeni, chemsheni, ngojeni.» Ni maneno ambayo mtu wa Walungu, wa Masisi ao wa Djugu anaweza kuyasikia.

5. Alama iliyo kwenye mkono wetu

Wengi wetu tuna kovu ndogo kwenye mkono, alama ya chanjo ya BCG tuliyopewa tukiwa wachanga. Wachache wanajua kwamba chanjo ile ilitoka kwa ngombe.

Mwaka 1908, katika mji wa Lille, Ufaransa, watu wawili walichukua kijidudu cha kifua kikuu kilichotoka kwa ngombe mwenye ugonjwa wa kiwele. Mmoja, Albert Calmette, alikuwa munganga wa watu. Mwingine, Camille Guérin, alikuwa munganga wa nyama. Wakakikuza juu ya vipande vya viazi pamoja na nyongo ya ngombe, wakakihamisha kila wiki tatu hivi, mara 230, kwa miaka 13, hata wakati wa vita vya kwanza vya dunia ambapo Wajerumani walikuwa wameushika mji wao. Kijidudu kikapoteza ukali wake. Mwaka 1921, mtoto wa kwanza akapewa chanjo hiyo kule Paris. Herufi BCG zinabeba majina yao: bacille Calmette-Guérin.

Basi kila mmoja wetu mwenye kovu hiyo amewekewa mwilini mjukuu wa kijidudu cha ngombe ili kimlinde. Na ilifanyika kwa sababu munganga wa watu na munganga wa nyama walikaa meza moja. Kwetu leo, yule wa watu ana wizara yake, yule wa nyama ana wizara yake, na mara nyingi hata katika téritware moja hawajuani.

Habari haijaisha. Mwaka 2024, wataalamu waliofanya kazi kule Ethiopia walitangaza kwamba BCG ile ile, ikidungwa kwa ndama, inapunguza sana kupita kwa ugonjwa kutoka ngombe kwa ngombe, karibu sehemu 9 kwa 10. Chanjo iliyotoka kwa ngombe inaweza kumrudia ngombe. Kuko shida moja: ngombe aliyechanjwa anaweza kuonyesha alama ya tuberkulini kama mgonjwa, na kwa hiyo kunahitajika kipimo kingine cha kuwatofautisha. Lakini mlango umefunguka, na ulifunguliwa katika Afrika, nchi isiyoweza kuchinja na kulipa.

6. Hali yetu leo

Shirika la Afya la Ulimwengu lilihesabu kwamba katika mwaka 2019 watu karibu 140 000 waliugua kifua kikuu cha kutoka kwa nyama, na karibu 11 400 walikufa. Sehemu kubwa ni Afrika. Hesabu hiyo ni ya kukadiria, kwa sababu mahali pengi hakuna anayetofautisha. Kipimo cha makohozi chini ya mikroskopi hakiwezi kusema kama kijidudu ni cha mtu ao cha ngombe. Hata mashine ya GeneXpert, ambayo imesaidia sana katika hospitali zetu, inasema ni kifua kikuu na dawa fulani inakubali ao inakataa. Haisemi kimetoka wapi.

Tofauti hiyo si ya vitabu tu. Katika dawa nne ambazo mgonjwa anaanza nazo, moja inaitwa pirazinamidi. Kijidudu cha ngombe, kwa asili yake, hakisikii dawa hiyo. Mgonjwa anafikiri anapigana kwa mikuki minne, kumbe mmoja hauna ncha.

Kwa jirani zetu, waliotafuta walipata. Kule Arusha, Tanzania, uchunguzi juu ya watu wenye matezi ya shingo uliotolewa mwaka 2004 ulipata vijidudu kwa watu 65, na kwa 7 kati yao kilikuwa kile cha ngombe. Karamoja, Uganda, walikipata pia kwa wafugaji wenye matezi. Na tangu 1963 waganga wa nyama waliandika juu ya nyati wenye kifua kikuu katika hifadhi ya Queen Elizabeth, ambayo imepakana na Virunga yetu. Nyati hajui mpaka, wala ngombe anayekimbizwa na vita.

Maana vita navyo vimo katika hesabu hii. Tangu miaka ya 1990, ngombe wa Masisi, wa Ituri na wa milima ya juu ya Uvira na Fizi wameporwa, wamekimbizwa, wameuzwa mbio mbio, wamerudishwa kutoka ngambo bila mtu kuwapima. Waganga wa nyama wengi wamebaki bila mshahara na bila dawa. Mahali pengine ngombe anachinjwa usiku, na nyama inafika sokoni asubuhi bila muhuri. Lakini mkaguzi wa abatuari ndiye macho yetu ya kwanza: yeye ndiye anayefungua mapafu na matezi na kuona vinundu vya manjano, kama fromaji iliyokauka. Akiona na kuandika zizi lilikotoka, tunaweza kwenda kwenye zizi hilo. Asipokuwako, au akipewa kitu kidogo ili afumbe macho, ugonjwa unarudi nyumbani katika mfuko wa plastiki.

7. Desturi inaweza kujitengeneza

Mwaka 2017 mashirika makubwa ya afya ya watu na ya nyama yalitoa pamoja mpango wa kupigana na ugonjwa huu. Ni vizuri. Lakini mpango unafika kijijini kwa miguu ya watu, na watu wanakwenda kwa desturi zao. Ninaweka mbele ya wasomaji mambo manne tunayoweza kufanya sisi wenyewe.

Kwanza, maziwa yachemshwe. Yakifika kutokota, kijidudu kinakufa. Wenye viwanda wanaweza kutumia njia ya Pasteur, digri 63 kwa nusu saa ao digri 72 kwa sekunde 15. Mama mwenye sufuria na makala angoje tu maziwa yapande. Mashanza nayo tusidanganyike: ukali wake hautoshi kuua kijidudu hiki. Tuchemshe kwanza, tuache yapoe, kisha tutie mashanza kidogo ya jana ili yagande. Utamu unabaki. Na wenye kutengeneza fromaji wasitumie maziwa mabichi.

Pili, ngombe wa mahari apimwe. Siku hizi, mbele ya ndoa, makanisa mengi yanawaomba kijana na msichana waende kupima damu, na tumezoea. Ngombe anayeingia katika zizi la wakwe je? Kutoa ngombe mzima ni heshima kwa wakwe. Kutoa ngombe anayekohoa ni kuwapelekea msiba. Na mahali ambapo tuberkulini haipatikani, angalau ngombe anayekohoa na kukonda asitolewe wala kukopeshwa.

Tatu, anayekohoa atengwe, awe mtu ao ngombe. Wazee walijua kutenga: mgonjwa wa ndui alijengewa kibanda chake pembeni. Alichofanya Bang kule Denmark, wao wangekielewa mara moja. Watoto wasilale na mifugo, na zizi lipate hewa.

Ine, munganga anayepata matezi ya shingo kwa mtoto aulize juu ya maziwa, na munganga wa nyama anayepata ngombe mgonjwa aulize nani amekunywa. Maswali haya mawili hayahitaji mashine wala wafadhili.

Mwisho

Mtaniuliza koko alisema nini. Alipoona kovu la mjukuu wake, hakubishana tena, lakini hakukubali mara moja. Alikaa siku nyingi bila kusema. Kisha asubuhi moja akamwita dada yangu akamwambia: «Chemusheni. Lakini maziwa isimwangike mu moto. Ile ya kumwangika ndiyo inachomaka ngombe.»

Tangu siku ile, nyumbani kwetu mtu akiweka maziwa kwenye moto haruhusiwi kuondoka. Anakaa pale, anaangalia, na yakianza kupanda anaondoa sufuria mbio. Ndiyo kusema, anangoja mpaka yachemke kabisa, na hapotezi hata tone. Nilipokuwa kijana nilifikiri koko ameshindwa. Sasa ninaona kwamba yeye ndiye aliyetengeneza sheria kupita sisi sote: heshima ya ngombe imebaki, na mtoto amelindwa.

Mwacha mila ni mtumwa, ndiyo. Lakini koko hakuiacha mila yake. Aliisogeza kidogo tu, kutoka kwenye titi mpaka kwenye ukingo wa sufuria, na tangu hapo hakuna mtoto mwingine wa nyumba yetu aliyevimba shingo.